Mbwa Mdogo Katika Kibanja

Katika lugha yetu ya Kiswahili mbwa amepewa hadhi mbili zisizopatana. Akitajwa kwenye tusi, hakuna kiumbe aliye chini yake. Akitajwa kwenye methali, mara nyingi ndiye mwenye ushupavu na akili. Wahenga wa pwani walisema, "Mbwa hafi maji akiona ufuko," wakasema tena, "Mbwa wa msasi mkali ni mkali pia." Sisi watu wa Karagwe na Kyerwa, tulio mbali na pwani, huku juu kwenye vilima vya migomba, tunaishi na hadhi hizo zote mbili. Mchana mbwa hufukuzwa kwa kijiti akisogelea jiko. Usiku akibweka, baba mwenye nyumba huamka na kushika panga, kwa kuwa anajua kwamba mbwa yule hana desturi ya kumdanganya.

Katika miaka ya karibuni nimeulizwa zaidi ya mara moja swali ambalo wazee wetu hawakuulizana. Mzazi wa Kayanga au Omurushaka, wa Rubwera au Nkwenda, mwenye nyumba ya matofali na watoto wadogo, anataka kujua kama inafaa atafute mjini mbwa mdogo wa kizungu, yule wa jamii iitwayo teria, awe rafiki wa watoto na mlinzi wa mlango. Ni swali jema. Lakini naona haliwezi kujibiwa vizuri bila kujua mbwa wa kigeni walipitaje katika nchi hii zamani, na mbwa wetu wenyewe wametazamwaje na walimwengu. Ndiyo maana jibu langu linaanzia mbali kidogo.

Tuanze na jina. Teria ni neno lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya ardhi. Huko Uingereza wakulima na wawindaji walihitaji mbwa mfupi mwenye moyo mkubwa, anayeweza kumfuata mbweha hadi ndani ya shimo lake, na kuua panya ghalani bila kungoja amri. Mwaka 1819 kijana aitwaye John Russell, aliyekuwa akisoma Oxford na ambaye baadaye alikuwa kasisi, alinunua kutoka kwa mwuza maziwa jike mmoja mweupe aliyeitwa Trump. Kwa jike huyo ikaanza mbegu ambayo leo inajulikana kwa jina la Jack Russell. Mbwa wa mbegu hiyo ana kimo cha sentimeta 25 hadi 30 mabegani, na uzito wa kilo 5 au 6 hivi. Wako teria wadogo zaidi ya huyo, kama wale wa Yorkshire, ambao walikuzwa katika karne ya 19 na wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya kaskazini mwa Uingereza, ambako panya walikuwa wengi. Kwa hiyo msomaji aelewe tangu mwanzo kwamba udogo wa teria haukutengenezwa kuwa pambo la sebuleni. Ni udogo wa chombo cha kazi, kama vile kisu kilivyo kidogo kuliko panga.

Mbwa wa jamii hiyo na ndugu zao walifika karibu na kwetu mapema kuliko wengi wanavyodhani. Henry Morton Stanley alipokuja Afrika mwaka 1874, alileta mbwa watano kutoka Uingereza. Walikuwemo wale wakubwa sana waitwao mastifu, na walikuwemo wa jamii ya buli na teria, wafupi wenye vifua vipana na taya zenye nguvu. Msafara uliondoka Bagamoyo Novemba 1874. Haukufika mbali kabla ya Castor, mastifu ambaye Stanley alikuwa amepewa zawadi na bibi mmoja tajiri wa London, kuanguka na kufa kwa joto. Wenzake nao walikwisha mmoja baada ya mwingine. Msafara ukalizunguka Ziwa Viktoria, ukakaa Buganda, na mwanzoni mwa mwaka 1876 ukaingia Karagwe. Yule aliyekuja kuwa wa mwisho kati ya watano hao alikuwa mbwa mmoja aliyeitwa Bull.

Karagwe wakati huo ilikuwa chini ya Mukama Rumanika, ambaye sisi wenyewe tunamwita Rumanyika, mtawala yule yule aliyewapokea Speke na Grant mwaka 1861. Stanley alikaa Kafuro, kijiji cha wafanyabiashara wa Kiarabu, akautazama mto Kagera, akazitembelea chemchemi za maji moto za Mtagata, ambazo leo ziko katika Wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Mwishoni mwa Machi 1876 akashika njia ya kusini. Siku chache baadaye, huko mbele ya nchi ya Usui, Bull alishindwa. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1878 Stanley anaeleza jinsi mbwa huyo mzee, aliyekuwa ametembea nchi kavu maili zipatazo 1,500, alivyojikokota nyuma ya wabeba bunduki aliozoea kuwafuata, akayumba, akalala njiani, akafa huku macho yake yakitazama kule wenzake walikokuwa wakielekea.

Kifungu hicho kinagusa moyo, nami sioni haya kusema kwamba kimenigusa. Lakini kinaniachia pia uchungu wa namna nyingine. Wapagazi na askari wengi wa msafara ule, watu wa Unguja, wa Unyamwezi na wa pwani, walikufa kwa njaa, ndui na mikuki, na wengi wao hawakuandikiwa maneno ya kuagwa kama yale. Nalitaja jambo hili kwa sababu ni onyo kwa kila mfugaji wa mbwa. Kumpenda mnyama ni sifa njema, ila mapenzi hayo yasitufanye tusahau mtu aliye karibu nasi zaidi ya mnyama. Nyumba inayomnunulia mbwa nyama ilhali kijana wa kazi analala na njaa, imekosea mpango.

Hebu sasa tuulize: kwa nini mbwa wale walikwisha? Nchi yetu ya Karagwe yenyewe si ya joto kali, maana sehemu kubwa iko mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Lakini anayetoka pwani hupita nyika yenye joto ambalo mbwa mwenye manyoya mazito na mwili mkubwa haliwezi. Kisha kuna mbung'o. Katika mapori ya upande wa Burigi na penginepo kando ya mto, mdudu huyu hubeba vijidudu vya nagana, na nagana haiui ng'ombe peke yao. Mbwa mgeni akiumwa na mbung'o mwenye vijidudu hushikwa na homa, hukonda, macho yake hufunikwa na ukungu mweupe, na asipotibiwa hufa. Baada ya tauni kubwa ya ng'ombe ya miaka ya 1890, iliyofagia mifugo ya nchi hizi, vichaka viliota palipokuwa na malisho, na mbung'o wakapata makao mapya. Ongeza kupe, ambao huleta homa yao wenyewe ya damu. Ongeza na chui, ambaye nyama ya mbwa ni chakula anachokipenda.

Basi tuwatazame mbwa wetu. Mbwa wa kienyeji wa nchi za maziwa makuu ana mwili mwepesi, manyoya mafupi, masikio ya kusimama na mara nyingi mkia uliojikunja. Hakuletwa na meli. Wazee waliwinda naye wakimfunga njuga shingoni, ili sauti yake iwaongoze majanini mahali jicho halifiki. Mbwa hodari wa kuwinda alikuwa mali. Na hata katika majumba ya wafalme mbwa hakudharauliwa. Speke alipofika Buganda Februari 1862, alimkuta Kabaka Mutesa amezungukwa na alama za ufalme wake: mwanamke, mkuki, ngao na mbwa mweupe. Stanley naye alisimuliwa kwamba Suna, baba yake Mutesa, alimpenda mbwa wake mmoja hata akaagiza eneo zima lilimwe viazi vitamu kwa ajili ya chakula chake, na mbwa huyo alipokufa wakubwa wa nchi walitakiwa kutoa nguo za magome ya miti za kumzikia. Tunaweza kucheka, lakini kisa hicho kinatuonyesha kwamba kumwenzi mbwa hakukuanza na Wazungu.

Dharau ilikujaje basi? Sehemu moja ya jibu imo katika neno. Kule Kongo mbwa mdogo wa msituni, ambaye habweki kama wengine bali hutoa sauti kama ya wimbo, walimwita kwa jina ambalo Wazungu wamelishika mpaka leo: basenji. Mswahili hahitaji kamusi kulielewa. Ni neno lile lile la ushenzi, yaani mbwa wa washenzi, mbwa wa watu wa porini. Mwaka 1895 mbwa wa aina hiyo walipelekwa London katika maonyesho mashuhuri ya mbwa yaitwayo Crufts, na huko wakatajwa kwa jina la teria wa Kongo. Watu walisongamana kuwatazama. Muda si muda mbwa wale wakafa kwa distempa, maradhi ya mbwa ambayo miili yao haikuwa imeyazoea.

Hapo ndipo ninapoona fundisho la historia hii. Mastifu wa London alikufa kwa joto la Bagamoyo, na teria wa Kongo akafa kwa maradhi ya London. Hakuna aliyekuwa mbegu bora kuliko mwenzake. Kila mmoja alikuwa bora nyumbani kwake, na kila mmoja alipochukuliwa mbali alihitaji ulinzi ambao mchukuzi wake hakuujua au hakuweza kumpa. Katika mwaka 2009 wataalamu wa urithi walichapisha uchunguzi wa mbwa wa vijijini zaidi ya 300 kutoka Misri, Uganda na Namibia. Walikuta kwamba mbwa wa Uganda, jirani zetu wa ng'ambo ya Kagera, kwa sehemu kubwa wamebaki na damu yao ya asili, na kwamba yule basenji wa maonyesho ni ndugu yao, ilhali wengi wa Namibia wamechanganyika na mbwa walioletwa kutoka Ulaya. Basi huyo anayepokea kijiti jikoni kwetu ana ukoo ambao mtu wa London hulipa fedha nyingi kuupata. Wahenga walisema, "Mwacha asili ni mtumwa," na methali hiyo haikuwasahau wenye mbwa.

Hata hivyo sitaki msomaji adhani ninamkataza teria. Kazi yake ya asili, kuua panya, ni kazi ambayo kibanja chetu kinaihitaji. Nyumba iliyozungukwa na migomba, yenye gunia la maharage chumbani na kahawa inayongoja soko, haikosi panya. Na panya katika mkoa huu ana historia nzito. Mwaka 1897 daktari wa Kijerumani aitwaye Zupitza alikwenda Kiziba, kaskazini ya Bukoba, kuchunguza ugonjwa wa kuua ambao wenyeji walikuwa wameujua kwa muda mrefu. Robert Koch, mtaalamu mkuu wa vijidudu aliyekuwa wakati huo katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, akathibitisha kwamba ulikuwa tauni, ile ile iliyokuwa ikiua watu India na Hong Kong. Mwaka 1898 Mfaransa Paul-Louis Simond akaonyesha kwamba tauni hutoka kwa panya kwenda kwa mtu kwa njia ya viroboto. Kwa hiyo mbwa mwua panya ana faida na ana hatari. Panya akifa, viroboto wake humwacha na kutafuta mwili wenye joto. Mbwa anayeua panya shambani na kisha kulala kitandani na watoto anaweza kuwa daraja la viroboto hao. Anayetaka kazi ya teria lazima pia ampake dawa ya viroboto, amwogeshe, na amtengee mahali pake pa kulala.

Kuna mdudu mwingine wa kihistoria ambaye mbwa mfupi humjua haraka. Funza wa miguuni hakuwa wa kwetu. Alivuka bahari kutoka Amerika ya Kusini akafika Angola mwaka 1872, na katika muda wa miaka ishirini na kitu akalikata bara zima kwa miguu ya wapagazi na askari mpaka pwani ya mashariki. Akiingia nyumba yenye sakafu ya vumbi, hashambulii vidole vya watoto tu, bali na nyayo za mbwa pia, naye mbwa akiachwa hivyo huwa shamba la kuzalisha funza wa nyumba nzima. Ukimwona mbwa wako anajing'ata kati ya vidole na kuchechemea, mchunguze. Sakafu ya saruji, au hata ya udongo inayonyunyizwa maji na kufagiliwa kila siku, ni dawa ya mbwa na ya watoto kwa pamoja.

Sasa nafika kwenye jambo lililo zito kuliko yote. Nilimfahamu mtoto wa shule aliyeumwa na mbwa mdogo wa jirani, mbwa ambaye kila siku alicheza naye. Jeraha lilikuwa dogo, likafungwa kwa majani, likapona. Wiki kadhaa baadaye akaanza kulalamika kwamba mahali pale panamwasha, akashikwa na homa, akaogopa kikombe cha maji, na katika muda wa siku chache akafariki. Kichaa cha mbwa dalili zikishaonekana hakina tiba. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kwamba katika Tanzania watu wapatao 1,500 walikuwa wakifa kwa ugonjwa huu kila mwaka, na duniani kote idadi inakadiriwa kuwa 59,000 kwa mwaka, wengi wao watu wa Afrika na Asia. Na hayo yanatokea ingawa Louis Pasteur alimchanja Joseph Meister, kijana wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, tarehe 6 Julai 1885, na kijana huyo akaishi. Ni zaidi ya karne moja tangu dunia ipate kinga. Kinachokosekana ni kuifikisha kinga hiyo kwa mbwa wa kijijini.

Kwa hiyo kila mzazi ajue mambo mawili. La kwanza, mtu akiumwa au akikwaruzwa na mbwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akaanze sindano, asingoje kuona mbwa atakuwaje. La pili, mbwa achanjwe akiwa na miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Wataalamu wanasema kijiji kikichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kuendelea. Kichaa hakiulizi mbegu. Teria aliyenunuliwa kwa fedha nyingi asipochanjwa ni hatari sawa na mbwa koko wa sokoni.

Baada ya kuyajua hayo, mtu anaweza kuchagua. Mimi ningemshauri ajiulize kwanza kazi, ndipo aulize sura. Kama anataka mlinzi wa kibanja, wa kufukuza tumbili na nguruwe pori, na wa kuvumilia mvua za masika nje, mbwa wa kienyeji aliyelelewa vizuri hana mshindani. Kama anataka mbwa wa kuishi karibu na watu, mwenye kuwahi kubweka mgeni akigusa kitasa, mwenye kucheza na watoto wakubwa na kuwinda panya, teria anafaa, ila ajue tabia yake. Teria huchimba, atafukua bustani ya mboga. Hukimbiza kila kinachokimbia. Kuku wa jirani wataleta ugomvi asipofundishwa mapema. Hana subira na mtoto wa miaka miwili anayemvuta masikio, kwa hiyo wasiachwe wawili peke yao. Na anahitaji kukimbia kila siku, maana akifungwa mnyororo mchana kutwa hugeuka kuwa mkali na mwenye kelele.

Akienda kumchukua, asikubali kitoto cha mbwa chenye umri wa chini ya majuma manane, kwa sababu bado kinahitaji maziwa na mafunzo ya mama yake. Aombe kumwona mama, maana ukali au upole wa mama huonekana kwa watoto. Achague kile kinachokuja mbele kwa udadisi, si kile kinachojificha pembeni wala kile kinachowapanda wenzake wote. Macho yawe safi, fizi ziwe nyekundu kidogo, tumbo lisiwe limevimba kama ngoma, kwani hiyo ni dalili ya minyoo. Aulize kadi ya chanjo. Mwuzaji asiye na kadi ila ana maneno mengi ya sifa za mbegu, aachwe na mbegu yake. Na kabla ya yote hayo atazame kwanza kijijini. Mara nyingi jike wa kienyeji mdogo wa jirani amezaa watoto sita, na wanne kati yao wataishia kutupwa. Mmoja wa hao, akichanjwa, akapewa dawa ya minyoo na kulishwa, atawapa watoto karibu yote waliyoyataka kwa teria, na mwili wake umekwisha kuizoea nchi hii kwa vizazi vingi.

Katika kumlisha hakuna haja ya chakula cha makopo. Ugali au ndizi zilizopikwa, zikichanganywa na dagaa wa Ziwa Viktoria waliochemshwa bila chumvi, au maharage yaliyoiva sana, au makombo ya nyama, humtosha. Mdogo apewe mara tatu kwa siku, mkubwa mara mbili, na maji safi yasikosekane. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe, kwa sababu hupasuka kama sindano. Mahindi yaliyoota ukungu yana sumu ya kuharibu ini, na mtu asimpe mbwa kile ambacho yeye mwenyewe asingekula. Vitunguu si chakula chake. Na kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vya ng'ambo havilisemi: kahawa ya kutafuna, ile akamwani tunayomkaribishia mgeni, isiachwe mahali mbwa anapofikia. Kile kinachomchangamsha mzee kinaweza kuuharakisha moyo wa mbwa wa kilo tano mpaka usimame. Hali kadhalika sumu ya panya. Nyumba yenye teria isitumie sumu hiyo kabisa, kwani mbwa atamla panya aliyekwisha kuila.

Kupe wakaguliwe kila jioni, hasa ndani ya masikio na kati ya vidole. Dawa ya minyoo itolewe kila baada ya wiki mbili mpaka afikishe miezi mitatu, kisha kwa ratiba ya bwana mifugo, maana minyoo ya mbwa hupita na kwa watoto wanaochezea udongo. Chanjo ya distempa na ya kuharisha damu isisahauliwe. Mwaka 1994 distempa ilivuka kutoka kwa mbwa wa vijijini ikaua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na sisi nasi tangu 2019 tunapakana na hifadhi za taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Asiyetaka watoto wa mbwa asingoje mimba ndipo afikirie, ahasiwe mapema. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze bila kumtesa, lakini hata bila sheria, mtu mwenye utu hawezi kumfunga kiumbe kamba fupi juani halafu akatarajia uaminifu.

Teria akitunzwa huishi miaka 12 na zaidi. Mtoto anayeanza naye darasa la kwanza anaweza kumaliza sekondari akiwa naye bado. Hiyo ndiyo gharama ambayo bei ya mwuzaji haionyeshi: si shilingi za siku ya kununua, bali miaka kumi na kitu ya chakula, dawa na uangalizi. Aliyeleta mbwa kutoka mbali ameahidi kumkinga na nchi asiyoizoea. Aliyemchukua wa jirani ameahidi kumtoa katika dharau iliyomzunguka tangu azaliwe. Ahadi hizo mbili zina uzito sawa, na mtoto anayezishuhudia zikitimizwa nyumbani kwao anajifunza jambo ambalo shule haina kipindi chake. Siku bwana mifugo atakapotangaza chanjo kijijini, naomba wenye mbegu na wasio na mbegu wapange mstari mmoja.